Udongo Mara ya Pili

Kwa miaka thelathini na mmoja Empar Gozalbo
aligonga vigae kwa konzi ya kidole cha kati,
kiwandani Onda, zamu ya alfajiri,
akisikiliza.
Kizima hujibu ting, kama kikombe.
Chenye ufa hukohoa.
Hakuhitaji miwani. Kilichokohoa alikitupa kushoto,
na kushoto kwake kulikuwa na mlima.

Lugha yangu iliwahi kulijua hili:
kigae ni kile king'aacho sakafuni,
kigae ni kile kinachobaki chungu kikianguka.
Neno moja, kabla na baada.

Mlima ukaota nyasi pembeni. Mbuzi wa Batiste wakaupanda,
wakashuka na kwato zilizochanika.
Mvua kutoka Espadà iliuosha, ukametameta, basi.
Kilichopita tanurini hakirudi kuwa tope
hata ukikililia.
Udongo uwahi ungali maji, walisema wafinyanzi,
na wafinyanzi hawakusema uongo.
Walisema nusu.

Mwezi wa Machi wakabomoa jiko la marehemu mama yake.
Nyundo ilikuwa ya Sorin, kijana wa Kiromania,
vumbi hadi kwenye kope.
Makomamanga ya buluu, yaliyochorwa kwa mkono,
yakadondoka ukutani mojamoja.
"Mama, hizi takataka nizipeleke wapi?"
"Takataka za nani?" akasema Empar,
akaishika ndoo.

Ndoo mbili, basi la saa nne, hadi Castelló,
kwenye maabara ya Llúcia, binti wa dada yake,
ambaye kila Jumapili huongea habari za saruji
mpaka wali unapoa:
kwamba chokaa ikichomwa hutoa pumzi chafu,
kwamba tanuri lake linataka moto wa nyuzi elfu na nusu,
kwamba kigae kimekwisha ungua,
deni la moto wake lilishalipwa,
mbona tunakizika?

Komamanga la kwanza likaingia kwenye kinu cha gololi.
Kelele kama mawe ndani ya tumbo la treni.
Baada ya saa mbili Llúcia akafungua:
unga. Laini kuliko wa ngano,
rangi ya waridi iliyochoka.
Empar akachovya kidole, akatafuta buluu.
Hakuna. Akajifuta kwenye aproni, polepole,
upande wa ndani.

Halafu soda kali, glavu hadi viwikoni,
halafu maji ya kioo, mazito kama asali ya baridi.
Na unga ule uliokataa mvua miaka yote
ukakubali.
Ukawa uji. Ukawa tope.
Ukamwagwa kwenye kalibu, ukagongwagongwa kutoa mapovu,
ukalazwa siku saba kwenye joto
ambalo mwokaji mikate angelicheka.

Mchemraba wa kwanza ulimeguka mkononi kama biskuti.
Llúcia akatukana kwa Kivalensia, akaandika daftarini.
Kuvunjika kwa koleo, mwajua wenyewe.
Wa pili akaongeza chokaa, kijiko tu,
wakasubiri wiki nyingine.

"Usiuweke kwanza," akasema Empar.
Akaukunja mkono, akagonga.
Maabara nzima ikanyamaza, hata wale wa meza ya dirishani.
Haikuwa ting. Haikuwa kikohozi.
Ilikuwa sauti ya mlango mnene
wa nyumba yenye watu.
"Huu mzima," akasema.

Lakini mashine haina masikio.
Ikaukandamiza, mshale ukapanda, ukapanda,
Llúcia akahesabu kwa midomo bila sauti,
na ulipopita pale saruji ya dukani iliposalimu amri
akamshika shangazi bega, kwa nguvu, hakuliachia.
Kisha pwaa.

Wote wakashangilia namba.
Empar akainama chini ya mashine,
akaokota vipande, vyote, hata vya kona,
akavirudisha kwenye ndoo.
"Kinu kiko tupu?" akauliza.